Umri wa Chupa na Umri wa Tope: Chupa Kuukuu za Soda Katika Bonde la Kilombero

Mvua za masika zinapopungua na maji ya mto Kilombero yakaanza kurejea katika mkondo wake, kingo za mto huo na za vijito viuingiavyo hubaki wazi, zimekatwa wima kana kwamba kwa panga. Apitaye kando ya Lumemo, mto mdogo ushukao kutoka milima ya Udzungwa na kupita karibu na mji wa Ifakara, huweza kuona katika kingo za namna hiyo matabaka ya mchanga na tope yaliyolala moja juu ya jingine. Mara nyingine kitako cha chupa hujitokeza katikati ya matabaka hayo, na aghalabu chupa yenyewe huwa ya soda. Watoto huichomoa kwa kijiti, wakaiosha na kwenda nayo nyumbani, au wakaisimamisha juu ya kisiki na kushindana kuilenga kwa mawe.

Chupa hiyo ingeweza kujibu swali zito kwa wakazi wa bonde: tope la mafuriko hujengeka kwa kasi gani? Bonde la Kilombero limelala kati ya Udzungwa kwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge kwa upande wa kusini-mashariki. Maji yatokayo pande zote mbili hutandaa katika uwanda huu kila mwaka kabla ya kwenda kukutana na Luwegu na kuufanya mto Rufiji. Mpunga wa bonde hutegemea maji hayo na rutuba iletwayo nayo. Lakini maji hayo hayo huingia majumbani Ifakara, na tope liachwalo nyuma huinua ardhi mahali pamoja na kuuhamisha mkondo mahali pengine. Penye kipimo cha kila mwaka, kasi ya jambo hilo husomwa katika daftari. Pasipo na daftari, hapana budi kutafuta kitu kilichozikwa ndani ya tope ambacho wakati wa kutengenezwa kwake unajulikana. Chupa ya soda ni kitu cha namna hiyo, ilimradi isomwe kwa uangalifu. Ikisomwa vibaya hudanganya, na anayedanganywa huenda akajenga nyumba yake mahali asipopaswa.

Soda iliyomo katika chupa na soda iliyomo katika kioo

Kioo cha chupa hutengenezwa kwa vitu vitatu hasa: mchanga safi wenye silika, chokaa, na magadi, yaani kabonati ya sodiamu. Silika peke yake huyeyuka katika joto la nyuzi za Sentigredi zipatazo 1,700. Magadi huliteremsha joto hilo hata tanuri la kawaida likaweza kuiyeyusha, na chokaa hukizuia kioo kisilainike majini. Kwa uzito, silika huwa sehemu zipatazo 70 hadi 74 katika kila 100. Afrika Mashariki ina bahati ya kuwa na magadi mengi ya asili, na yale ya ziwa Magadi nchini Kenya yamechimbwa kwa biashara tangu mapema katika karne ya 20.

Hiyo sodiamu ndiyo iliyokipa kinywaji jina lake. Mwaka 1767 Mwingereza Joseph Priestley alionyesha namna ya kuyafanya maji yanyonye gesi ya kabonidioksaidi, na kabla ya karne hiyo kwisha Jacob Schweppe alikuwa amekwisha kufanya biashara ya maji hayo, kwanza Geneva na baadaye London. Maji yaliyotiwa chumvi za sodiamu pamoja na gesi yaliitwa maji ya soda. Jina likabaki hata ilipotiwa sukari na rangi badala ya chumvi.

Gesi ndiyo iliyoiumba chupa. Katika joto la Ifakara gesi iliyomo ndani ya soda huisukuma chupa kwa kanieneo kubwa mara kadhaa kuliko ile ya hewa ya nje. Kwa hiyo chupa ya soda huwa nene kuliko ya mafuta au ya dawa, huwa ya mviringo (kwa kuwa pembe ni mahali pa kupasukia), na kizibo chake huhitaji kushikwa kwa nguvu. Historia ya chupa ya soda kwa sehemu kubwa ni historia ya kizibo, na hapo ndipo mchunguzi aanzie.

Mdomo wa chupa

Mapema katika karne ya 19 Waingereza walitumia chupa yenye kitako kilichochongoka, isiyoweza kusimama. Ilitengenezwa hivyo ili ilazwe, maji yakilowanishe kizibo cha koki kisikauke na kuvujisha gesi. Mwaka 1872 Hiram Codd, Mwingereza pia, alipata hataza ya chupa yenye gololi ya kioo shingoni: gesi yenyewe huisukuma gololi ikaziba mdomo, na mnywaji huibonyeza ndani ili anywe. Shingo ya chupa hiyo imebanwa mahali pawili, na hata kigae chake kidogo hutambulika. Wanafunzi wasidhani kwamba kila chupa ya gololi ni ya karne ya 19. Huko Uingereza zilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, lakini India na Japani bado zinatumika. Kwa kuwa biashara kati ya India na pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa kubwa na ya muda mrefu, chupa ya gololi peke yake haitoshi kuthibitisha ukale.

Kuna vizibo vingine viwili vya kukumbuka. Kimoja ni kile cha waya wa kukunja, kilichopewa hataza nchini Marekani mwaka 1875 na kupendwa sana na Wajerumani. Kingine ni cha skrubu ya ndani, cha Henry Barrett wa Uingereza, mwaka 1879. Mdomo wa chupa yake una hesi upande wa ndani, si wa nje. Kisha kikaja kile ambacho kila msomaji amekwisha kukiokota: kizibo cha bati chenye meno, kilichobuniwa na William Painter wa Baltimore, Marekani, na kupewa hataza mwaka 1892. Cha kwanza kilikuwa na meno 24. Cha siku hizi kina meno 21. Ndani yake kilitandikwa koki, ambayo kuanzia miaka ya 1960 hivi ilibadilishwa pole pole kwa plastiki. Katika udongo wenye maji wa Kilombero bati huliwa na kutu upesi, lakini ukingo mnene wa mdomo wa chupa, ulioumbwa ili ukamatwe na meno hayo, hubaki. Chupa yenye ukingo huo haiwezi kutangulia mwaka 1892.

Mishono

Chupa ikiisha kupita hatua hiyo, izungushwe polepole kwenye mwanga wa jua. Kwenye mbavu zake huonekana mistari miwili myembamba iliyoinuka, mmoja kila upande. Hiyo ni mishono ya kalibu, mahali vipande viwili vya chuma vilipokutana. Mfuaji wa chupa wa zamani alipuliza kioo ndani ya kalibu, akakata chupa kutoka kwenye bomba lake, kisha akautengeneza mdomo kwa mkono na koleo. Katika chupa ya namna hiyo mshono hupanda kutoka kitakoni, hufika shingoni, na hapo hutoweka, kwa sababu mkono wa fundi uliufuta. Mashine huumba mdomo kwanza, ndani ya kalibu yake yenyewe. Kwa hiyo mshono hupanda hadi juu kabisa ya mdomo. Ukucha wa kidole gumba hutosha kuipata tofauti hiyo hata gizani.

Mashine ya kwanza iliyofanya kazi yote pasipo mkono wa mtu ilikuwa ya Michael Owens wa Marekani, mwaka 1903. Ilikinyonya kioo kilichoyeyuka na kukikata kwa kisu, ikaacha kitakoni kovu la mviringo lisilo sawasawa, mara nyingi limeegemea upande mmoja. Vipele vidogo vilivyopangwa kuzunguka kitako, ambavyo humlinda kioo cha moto kisigusane chote na ukanda baridi wa kiwandani, vilianza kuenea kuanzia mwaka 1940 hivi. Maandishi ya rangi yaliyochomwa juu ya kioo, badala ya maandishi yaliyoinuka, yalianza kuonekana katikati ya miaka ya 1930 huko Marekani. Kampuni ya Coca-Cola, ambayo chupa yake yenye kiuno ilibuniwa mwaka 1915, ilianza kuitia maandishi meupe ya rangi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo jina lilikuwa limeinuka katika kioo chenyewe.

Hapa panahitaji tahadhari. Vitabu vingi vya kutambulishia chupa vimeandikwa Marekani, na tarehe zake ni za viwanda vya Marekani. Chupa zilizofika Kilombero kabla ya uhuru hazikutoka huko tu, bali pia Ujerumani, Uingereza na India. Uingereza ilikuwa na mashine za nusu-mkono tangu miaka ya 1880, kabla ya Owens. Na palikuwapo mahali pengi duniani ambapo watu waliendelea kupuliza kwa mdomo muda mrefu baada yake. Mwalimu atumiaye kitabu cha Marekani akitumie kujua ni lini jambo lilianza, wala asikitumie kujua ni lini lilikoma.

Ishara zidanganyazo

Wanafunzi hupenda kuanza na rangi, na rangi ndiyo ishara dhaifu kuliko zote. Kijani kibichi hutokana na chuma kilichomo katika mchanga, nacho kimo katika mchanga wa zama zote. Rangi ya kahawia ya chupa za bia hutokana na chuma pamoja na salfa na kaboni. Rangi moja tu ina faida kidogo, nayo ni zambarau hafifu. Zamani watengenezaji walitia manganizi ili kuiondoa kijani ya chuma. Kioo hicho kikikaa juani miaka mingi, mionzi ya jua huibadili manganizi na kioo kikageuka zambarau. Njia hiyo ilipungua sana baada ya Vita Kuu ya Kwanza, seleni iliposhika nafasi ya manganizi. Lakini chupa iliyozikwa katika tope haikuona jua, hivyo kukosa zambarau si ushahidi wa lolote.

Ishara ya pili idanganyayo ni ile ngozi ya rangi za upinde wa mvua ambayo hufunika kioo kilichokaa ardhini. Maji huiondoa sodiamu kutoka usoni mwa kioo na kuacha matabaka membamba ya silika; mwanga ukipita humo hugawanyika rangi. Mwaka 1961 Robert Brill wa Jumba la Makumbusho ya Kioo la Corning, Marekani, pamoja na mwenzake, walitangaza kwamba matabaka hayo huenda yakahesabika kama pete za mti, tabaka moja kwa mwaka. Wazo hilo lilikuwa zuri, na wengi walilipokea kwa furaha. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba matabaka hayafuati mwaka. Hutegemea kemia ya kioo na ya udongo. Chupa ya miaka 30 katika tope la magadi yaweza kung'aa rangi kuliko ya miaka 100 katika mchanga mkavu.

Ya tatu ni ule usemi kwamba kioo hutiririka polepole, ndiyo maana chupa za kale ni nene kitakoni. Si kweli. Katika joto la kawaida kioo hakitiririki kwa kiasi kiwezacho kupimwa. Chupa nene kitakoni ilifuliwa hivyo.

Jina la nchi

Katika nchi hii historia imemsaidia mchunguzi kwa namna ambayo vitabu vya kigeni havina. Nchi ilibadili jina, na jina liliandikwa kwenye vitu. Maandishi ya Deutsch-Ostafrika hayawezi kuwa ya utawala uliofuata Vita Kuu ya Kwanza. Mahenge ilikuwa boma la Wajerumani, lililoshambuliwa na wapiganaji wa Maji Maji tarehe 30 Agosti 1905 na kutwaliwa na majeshi ya Kibelgiji mwezi Oktoba 1917. Haitakuwa ajabu basi kuona masalia ya vinywaji vya Kijerumani katika njia ziendazo huko. Wajerumani walisafirisha maji yao ya madini si katika kioo tu bali pia katika magudulia marefu ya ufinyanzi mgumu wa rangi ya kahawia, na vigae vyake hudhaniwa na wengi kuwa ni vyungu vya kienyeji.

Jina la Tanganyika lilianza kutumika rasmi mwaka 1920. Jina la Tanzania lilichukuliwa tarehe 29 Oktoba 1964, miezi sita baada ya Muungano. Kwa hiyo chupa yenye neno TANZANIA haikufuliwa kabla ya siku hiyo, na hakuna hoja ya rangi, mshono au kutu iwezayo kuipinga. Chupa yenye neno TANGANYIKA haikufuliwa kabla ya 1920. Lakini upande wa pili hauna uhakika sawa, maana kalibu ya chuma ni mali ya thamani na mwenye kiwanda hakulazimika kuitupa siku jina la nchi lilipobadilika.

Vipimo navyo husaidia. Tanzania ilihamia mfumo wa metriki mwishoni mwa miaka ya 1960. Chupa yenye kipimo cha aunsi aghalabu ni ya kabla ya hapo, na yenye mililita ni ya baadaye. Kama maandishi yamefutika, darasa laweza kuijaza chupa maji na kuyapima kwa silinda ya maabara. Aunsi 10 za Kiingereza ni mililita 284. Aunsi 10 za Kimarekani ni mililita 296. Ikumbukwe kwamba chupa ikijazwa hadi ukingoni hupokea zaidi ya kipimo chake, kwa kuwa mtengenezaji aliacha nafasi ya gesi. Tarakimu zilizo kitakoni ndizo huwavutia wengi, kwa kuwa "58" huonekana kama mwaka. Huenda ni mwaka. Huenda pia ni namba ya kalibu au ya kiwanda. Bila chupa nyingine za aina hiyo hiyo za kulinganisha, ziandikwe daftarini na ziachwe.

Safari ya chupa

Kufikia hapa mchunguzi ameujua mwaka ambao chupa haiwezi kuutangulia. Kosa lililo kubwa na la kawaida ni kudhani kwamba mwaka huo ndio chupa ilipotupwa.

Katika Afrika Mashariki chupa ya soda haikuwa mali ya mnywaji. Mnunuzi alileta chupa tupu au aliweka rehani, na chupa ikarudi katika kreti hadi kiwandani, ikaoshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali, yaani haidroksaidi ya sodiamu, ikajazwa tena. Kazi hiyo iliendelea miaka mingi kwa chupa ile ile, na hata leo haijakoma kabisa ingawa plastiki imechukua sehemu kubwa ya soko. Alama za maisha hayo huonekana: begani na karibu na kitako pana mikanda miwili ya kioo kilichoparuzwa kikawa cheupe, mahali chupa zilipogongana mashineni na kreti. Mkanda ukiwa mpana na mkwaruzo wake ukiwa mzito, chupa ilizunguka muda mrefu. Chupa isiyo na mikanda hiyo ilitupwa au ilipotea ikiwa bado changa, na kwa mchunguzi wa tope hiyo ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu muda kati ya kufuliwa na kutupwa kwake ni mfupi.

Hata baada ya kutoka katika mzunguko wa kiwanda, chupa haikutupwa. Iliwekewa mafuta ya taa, asali, mafuta ya kupikia, sokoni ikawa kipimo chenyewe, "chupa ya soda moja." Katika sehemu nyingi mgonjwa alikwenda na chupa yake hospitali ili atiliwe dawa ya maji. Chupa iliyofuliwa mwaka 1950 yaweza kuwa ilivunjika mikononi mwa mtu mwaka 1985. 

Bonde lenyewe lina majira yake ya kuingia vitu. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipitia Mang'ula, Ifakara na Mlimba, pamoja na kambi za wajenzi wake. Kigae chenye maandishi ya Kichina kilichookotwa karibu na njia ya reli chaweza kuhusianishwa na miaka hiyo, lakini ni dhana tu mpaka alama nyingine iiunge mkono.

Hesabu ya tope

Chukua mfano. Wanafunzi wameona chupa yenye neno TANZANIA katika ukingo wa mto, sentimita 90 chini ya uso wa ardhi, na mwaka wa kupima ni 2024. Chupa haikufuliwa kabla ya mwishoni mwa 1964. Basi tope lote lililo juu yake lilikuja katika muda usiozidi miaka 60. Sentimita 90 kwa miaka 60 ni sentimita 1.5 kwa mwaka. Jibu hili ni kiwango cha chini kabisa. Kama chupa ilitupwa mwaka 1994, tope lile lile lilijengeka katika miaka 30, na kasi ni sentimita 3 kwa mwaka. Chupa husema "si chini ya," wala haisemi "ni sawa na."

Sasa chupa ya pili, yenye neno TANGANYIKA, ionekane katika ukingo huo huo kwa kina cha sentimita 120. Mwanafunzi mwepesi atatoa 90 katika 120, atatoa 1920 katika 1964, na kusema kwamba sentimita 30 zilichukua miaka 44, kisha atangaze kuwa kasi ya tope imeongezeka. Hoja hiyo haisimami hata kidogo. Chupa ya chini yaweza kuwa ilitupwa mwaka 1970, mwaka mmoja tu kabla ya ile ya juu. Linaloweza kusemwa ni kwamba tangu 1920 tope limejengeka kwa wastani usiopungua sentimita 1.15 kwa mwaka, na kwamba ile ya juu imekwisha kutoa kiwango kikubwa zaidi. Ili kupata kikomo cha upande wa pili yatakiwa kitu kilichosimama mahali pake kwa tarehe ijulikanayo, kama vile msingi wa nyumba ya zamani au mlango wa karavati ambao haujawahi kuzibuliwa.

Hesabu hii yote hubatilika kama chupa haikuzikwa na mafuriko. Watu huchimba mashimo ya taka. Chupa iliyo chini ya shimo iko ndani ya udongo ulio mkubwa kwa umri kuliko yenyewe. Shimo hutambulika ukingoni kwa sababu matabaka hukatika ghafla kila upande wake na udongo wa ndani huwa umechanganyika, pengine na majivu na mifupa ya samaki. Mizizi, panya na jembe la trekta navyo huhamisha vitu. Na mto wenyewe hubomoa ukingo juu na kuujenga chini: chupa ya kale huenda ikachimbuliwa na maji na kuzikwa upya katika tope la jana. Chupa iliyobingirishwa hivyo huwa imefifia kwa mchanga mwili mzima, si katika mikanda miwili tu.

Kabla ya kuichomoa

Kwa sababu hizo chupa isichomolewe kabla ya kupimwa. Kina chake kutoka usoni pa ardhi, rangi na unene wa kila tabaka lililo juu yake, mwelekeo wa mdomo, na umbali wake kutoka alama isiyohama kama mti mkubwa au nguzo ya daraja, viandikwe kwanza na mchoro utengenezwe. Chupa nzuri iliyooshwa na kuwekwa dirishani pasipo maandishi hayo ni pambo tu.

Shule isichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda hasa vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na chupa za soda za Kilombero karibu zote haziufikii ukale huo. Lakini uchimbaji wa kutafuta mambo ya kale huhitaji kibali, na ukingo uliochimbwa huweza kumwangukia mchimbaji. Mto hufunua vya kutosha kila mwaka. Glavu nzito na viatu ni lazima. Chupa yenye kimiminika isifunguliwe wala kunuswa, hasa karibu na mji kama Ifakara uliokuwa na hospitali na maabara ya utafiti wa magonjwa kwa miongo mingi. Palipopiganiwa vita, chuma chochote kinachofanana na risasi au kombora kiachwe mahali pake na polisi waarifiwe. Chupa zinazohifadhiwa shuleni zilazwe au zigeuzwe mdomo chini: chupa iliyosimama nje hukusanya maji ya mvua, na mbu Aedes, aenezaye homa ya dengi, huyapenda maji machache ya namna hiyo, tofauti na Anofelesi wa malaria apendaye madimbwi na majaruba.

Liko jambo moja ambalo karibu kila mtu hulifanya mara tu ashikapo chupa, nalo ni kumwaga tope lililomo ndani. Tope hilo liliingia chupa ilipokuwa imelala pale, na mara nyingi limejipanga katika matabaka yake madogo, bapa kwa usawa wa maji yaliyolituliza. Matabaka ya ndani yakiwa sambamba na yale ya ukingo, na mchanga wake ukiwa wa chembe na rangi ile ile, chupa haijahama tangu ilipofunikwa. Yakiwa yameinama, au tope likiwa jekundu ndani ya ukingo mweusi, chupa ilijazwa mahali pengine na kuletwa hapo. Hukaguliwa kwa kuiinua chupa bila kuigeuza na kuitazama kinyume cha jua, kazi ya dakika mbili.